Shamba, Msitu na Mnyamapori: Ardhi ya Kijiji Itawatosha Wote?



Suala la ardhi huletwa ofisini kwetu kwa sura nyingi. Usharika mmoja unauliza kuhusu ng'ombe wanaoingia kwenye mahindi. Mwingine unaomba miche ya kupanda kwenye chanzo cha maji. Ndugu zetu wa upande wa Ziwa Rukwa wanalalamika kwamba viboko wanakula mpunga. Nao baadhi ya wafadhili wanatuuliza kwa nini mradi wa kilimo, wa tabianchi na wa wanyamapori yote inaitazama ardhi ile ile.

Tumeona vema kuyajibu maswali haya kwa pamoja, kwa sababu kwa mkulima na mfugaji wa Songwe ni swali moja tu: ardhi hii itumike kwa nini, na nani aamue? Mahali pa kulijibu ni mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Lakini tumejifunza kutoka sehemu mbalimbali za nchi kwamba mpango hudumu pale tu ambapo mtu anayeombwa kuacha kulima, kuchunga au kukata miti anapata kitu badala yake. Pasipo hilo, ugomvi huhamia kijiji cha jirani.

WATU WANAONGEZEKA, ARDHI HAIONGEZEKI

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 998,862 katika eneo ambalo sasa ni mkoa wetu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,344,687. Kwa miaka kumi tumeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Mji wa Tunduma umekua haraka zaidi, kutoka watu 97,562 hadi 219,309 katika kipindi hicho hicho.

Mji wa mpakani wenye watu wengi hivyo unahitaji chakula, nishati na mbao, na karibu vyote vinatoka vijijini. Mkaa unaopikia Tunduma umekatwa kwenye miombo. Mahindi yanayouzwa kwa Tunduma na kuvuka mpaka yamelimwa Mbozi, Ileje, Momba na kwingineko katika nyanda hizi za juu. Mpunga unatoka mabonde ya Msangano na Kamsamba. Bei ikipanda Tunduma, shoka na jembe vinasikia siku hiyo hiyo.

Mito ya Momba na Songwe inateremka hadi Ziwa Rukwa. Ziwa hilo lina kina kifupi na halina mto unaotoka, hivyo udongo unaoporomoka kutoka milima yetu hubaki humo. Mkulima anayelima hadi ukingoni mwa kijito anamfikia mvuvi ambaye hajawahi kumwona. Kando ya ziwa hilo, penye viboko, mamba, ndege wa majini na zamani sheshe wengi, ndipo pia wafugaji wanapotafuta majani mabichi wakati wa kiangazi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Zikichelewa au zikikatika mapema, kila mmoja hukimbilia mabonde yenye unyevu: mkulima, mfugaji na mnyamapori. Hivyo mabadiliko ya tabianchi yanaongeza msongamano palepale ambapo palikuwa tayari pana msongamano.

HESABU YA KIJIJI KIMOJA

Tuchukue mfano wa kijiji cha kufikirika ili kila kamati iweze kuweka namba zake. Kijiji kina hekta 8,000 na kaya 700. Kila kaya inalima hekta 2.5, yaani hekta 1,750 kwa kijiji kizima. Kuna ng'ombe 1,500, na tuseme kila mmoja anahitaji hekta 2 za malisho: jumla hekta 3,000. Msitu na vyanzo vya maji vinachukua hekta 2,500. Makazi, shule, makanisa na barabara ni hekta 400. Jumla ni hekta 7,650. Zimebaki hekta 350, na wanakijiji husema, "Ardhi bado ipo."

Sasa watu wakiongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka, ambayo ndiyo kasi ya mkoa wetu kati ya sensa hizo mbili, kaya zitakuwa 1,400 baada ya kama miaka 23. Wakilima kwa namna ile ile watahitaji hekta 3,500. Makazi yatafika hekta 800. Hata tusipoongeza ng'ombe hata mmoja, jumla ni hekta 9,800 katika kijiji chenye hekta 8,000. Pengo ni hekta 1,800. Bila mpango, pengo hilo litachukuliwa kwanza msituni, kisha kwenye malisho, kwa sababu huko hakuna mtu mmoja anayesimama na kusema hapa ni pangu.

Lakini tazama upande wa pili. Kama kaya hizo 1,400 zitavuna mara mbili kwa kila hekta, zitatosheka na hekta zile zile 1,750. Jumla inakuwa hekta 8,050, karibu sawa na ukubwa wa kijiji. Kwa hiyo samadi, mbegu bora, makingamaji, mikunde kati ya mahindi na migomba inayofunika kahawa ni kazi ya kulinda msitu, ingawa kwenye vitabu vya mradi vimeandikwa chini ya kilimo. Tahadhari moja: shamba likianza kulipa vizuri, wengine watataka kufungua mengine zaidi. Ndiyo maana uzalishaji bora na mipaka iliyokubaliwa lazima viende pamoja.

SHERIA INASEMAJE

Mkoa wetu una historia katika jambo hili. Wilaya ya Mbozi, ikiwa bado na eneo la Momba ndani yake, ilikuwa sehemu ya majaribio ya utekelezaji wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Hati za hakimiliki za kimila zilifahamika kwetu mapema kuliko wilaya nyingi za nchi.

Sheria hiyo inaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi inayomilikiwa na watu binafsi au familia, na ardhi ya akiba ambayo kijiji kinaweza kuigawa baadaye. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Namba 6 ya mwaka 2007 inaitambua Halmashauri ya Kijiji kuwa mamlaka ya kupanga katika eneo lake. Hata hivyo mpango hauwi halali mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, uupitishe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake cha chenyewe na kunufaika na mazao yake.

Wataalamu wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi wanafuata hatua sita: maandalizi wilayani, tathmini shirikishi kijijini, kuchora ramani ya hali ilivyo, kuandaa mpango wenyewe, kuimarisha usalama wa milki kwa hati, na mwisho usimamizi wa kina wa ardhi, yaani kilimo bora, malisho, misitu na maji. Tunaomba mzikumbuke hatua mbili za mwisho, kwani tutazirudia.

FUNZO LA USANGU

Kabla ya kuangalia palipofaulu, tuangalie jirani zetu wa Mbarali. Bonde la Usangu linalisha nchi kwa mpunga. Maji yake yanapita kwenye ardhioevu ya Ihefu, yanakuwa Mto Ruaha Mkuu, yananywesha wanyama wa Hifadhi ya Taifa Ruaha, kisha yanazungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi.

Kati ya mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu, na wengi walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Namba 28, eneo la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Hifadhi ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000, kubwa kuliko hifadhi zote za taifa nchini hadi ilipoanzishwa Hifadhi ya Nyerere mwaka 2019.

Lengo lilikuwa jema, yaani maji, umeme na wanyama. Lakini angalieni yaliyofuata. Mto uliendelea kukauka, ikiwemo mwaka 2022, kwa sababu maji mengi huchukuliwa juu zaidi kwenye mifereji ya umwagiliaji. Ng'ombe nao hawakutoweka duniani. Baadhi waliishia Bonde la Kilombero, na mwaka 2012 operesheni nyingine ikawaondoa huko pia. Vijiji vya Mbarali viliishi na mgogoro wa mpaka kwa miaka 15, mpaka Serikali ilipotoa tangazo jipya mwaka 2023 na sehemu ya ardhi ikaachiwa wananchi.

Funzo tunaloliona ni kwamba kila lengo lina mnufaika wake na lina mbebaji wa gharama yake, na mara nyingi si mtu yule yule. Msitu ukibaki umesimama, hewa ya ukaa inayotunzwa ndani yake ni faida ya dunia nzima. Gharama ni ya kijana wa Momba aliyekosa shamba. Tembo au kiboko akiishi, mgeni anafurahi na Taifa linapata fedha. Gharama ni ya mama aliyelala shambani akilinda mpunga. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali, lakini jina lenyewe linasema kweli: kinafuta jasho, hakirudishi mavuno. Mpango usiouliza nani anabeba gharama utapata upinzani, hata ukiandikwa kwa maneno mazuri.

MIFANO MITATU YA KUPATANISHA

Kwanza, mkaa. Huko Kilosa, mkoani Morogoro, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA walianza mwaka 2012 kufanya kazi na vijiji ambavyo tayari vilihitaji mapato ya mkaa. Badala ya kupiga marufuku, kila kijiji kilitenga sehemu ndogo ya msitu wake kwa ajili ya mkaa na kuigawa katika mafungu 24. Kila mwaka huvunwa fungu moja tu, kwa vitalu vya mita 50 kwa 50 vilivyopishana mithili ya ubao wa drafti. Visiki huachwa vichipue, na baada ya miaka 24 mzunguko unaanza upya. Ushuru ulikwenda kwenye mfuko wa kijiji na kujenga madarasa na huduma nyingine. Mchoma mkaa alipata mahali halali pa kuchomea, na msitu uliobaki ukapata walinzi wenye sababu ya kuulinda. Kwa vijiji vinavyolisha soko la Tunduma, mfano huu unafaa kutazamwa kwa makini.

Pili, malisho. Huko Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliona kwamba hakuna hata kimoja chenye maji, majani na madini ya chumvi vya kutosha peke yake. Viliandaa mpango wa pamoja, wakaliita eneo lao la malisho OLENGAPA kutokana na majina ya vijiji hivyo, na chama cha wafugaji kikapewa hati za kimila za kikundi. Hati ya kikundi ina maana kubwa: malisho hayahesabiki tena kuwa ardhi tupu inayosubiri mlimaji. Katika mabonde ya Momba na pwani ya Ziwa Rukwa, ambako mifugo haijui mpaka wa kijiji, mpango wa kijiji kimoja kimoja hautoshi. Njia za mifugo, majosho na malambo lazima vipangwe na vijiji jirani kwa pamoja.

Tatu, hewa ya ukaa na wanyama. Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vinatunza misitu ya milima ya Ntakata, makazi ya sokwe na tembo. Vimeingia mkataba wa biashara ya kaboni, na mapato yanakwenda kwenye shule, afya na ulinzi wa msitu. Hapa dunia inalipa angalau sehemu ya gharama iliyokuwa inabebwa na mwanakijiji. Hata hivyo tusikimbilie. Mikataba hii ni ya miaka mingi, bei hupanda na kushuka, na tangu mwaka 2022 kuna Kanuni za Biashara ya Kaboni zinazopaswa kufuatwa. Kijiji kisichokuwa na mipaka iliyokubaliwa na majirani, mpango uliopitishwa na Mkutano Mkuu, wala daftari la fedha linaloaminika, kisitie saini kwa mtu yeyote.

Mkiitazama mifano hii mitatu mtaona kwamba haikuanza na fedha. Ilianza na ardhi iliyojulikana ni ya nani, na makubaliano kwamba atakayejinyima atapata.

RAMANI SI MPANGO

Sasa turudi kwenye zile hatua mbili za mwisho. Miradi mingi hugharimia hatua ya kwanza hadi ya nne. Wataalamu wanakuja, mikutano inafanyika, posho inalipwa, ramani yenye rangi inabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, picha inapigwa, taarifa inapelekwa. Kisha mradi unafungwa. Hati za kimila hazijatolewa, vibao vya mipaka havijawekwa, sheria ndogo hazijapitishwa wilayani, na mfugaji aliyeambiwa apeleke ng'ombe eneo jipya anakuta halina maji.

Hapo ndipo mpango unapofia. Kumwambia mfugaji asiende mtoni bila kumchimbia lambo ni kumpa amri asiyoweza kuitii. Kumkataza mkulima kulima bondeni bila kumsaidia avune zaidi juu ya kilima ni vivyo hivyo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ardhi ya pamoja nayo, bila daftari na mlinzi, huisha kimya kimya, nusu ekari kwa nusu ekari.

KAMATI YA USHARIKA IFANYE NINI

Kanisa halipangi ardhi ya kijiji, na wala lisijaribu. Lakini mkulima, mfugaji, mchoma mkaa na mwenyekiti wa kitongoji huketi kwenye benchi moja Jumapili, na hiyo ni nafasi ambayo ofisi nyingine hazina. Tunapendekeza kila kamati ifanye yafuatayo kabla ya kikao cha robo mwaka kijacho:

1. Kuuliza ofisi ya kijiji kama mpango upo, ulipitishwa mwaka gani, na umefikia hatua ya ngapi kati ya sita.

2. Kufanya hesabu ya kijiji kama tuliyoonyesha hapo juu, kwa namba za kijiji chenu, na kuisoma hadharani.

3. Kuhakikisha wanawake, vijana na wafugaji wanafika kwenye Mkutano Mkuu na kusikilizwa. Sheria inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Hesabuni wa kwenu.

4. Kuhimiza hati za kimila ziandikwe majina ya mume na mke, na wajane wasisahaulike.

5. Kuanza na ardhi ya kanisa. Kama usharika una shamba linaloshuka hadi mtoni, mita 60 zinatuhusu sisi kwanza. Hatuwezi kuhubiri mpaka ambao trekta letu linauvuka.

6. Kwa kila eneo linalopendekezwa kufungwa, kuuliza kwa sauti: nani alikuwa analitumia, na atapata nini?

KWA MARAFIKI WAFADHILI

Tunawashukuru kwa moyo wenu kwa misitu na wanyama wa nchi hii. Ombi letu ni kwamba msiyatenge malengo matatu katika mifuko mitatu. Anayetoa kwa ajili ya tabianchi akubali kwamba fedha zake zinunue samadi na kuchimba lambo. Anayetoa kwa ajili ya wanyamapori akubali kugharimia hati ya malisho ya kikundi. Anayetoa kwa ajili ya chakula akubali kulipia walinzi wa msitu unaolinda chemchemi ya skimu ya umwagiliaji.

Pili, msipime kazi kwa idadi ya ramani. Vijiji vichache vilivyofika hatua ya sita vina thamani kuliko vingi vilivyoachwa hatua ya nne. Hili linahitaji fedha kidogo kwa miaka mingi, kuliko nyingi kwa miaka miwili. Tunajua hiyo si namna rahisi ya kuandika bajeti, lakini mti wa miombo nao haukui kwa mwaka wa fedha.

Ardhi ya Songwe bado inaweza kutulisha, kutunza maji yake na kuacha nafasi kwa viumbe wengine walioumbwa pamoja nasi. Hekta 350 zilizobaki kwenye mfano wetu ndizo nafasi yetu ya kukaa mezani na kukubaliana. Zikiisha, mazungumzo yatakuwa magumu zaidi, na kwa kawaida atakayepoteza ni yule asiyekuwa na karatasi mkononi.

Tunasubiri majibu yenu kabla ya toleo lijalo.